Meli mbili sawa, dakika 15: kisa cha Shannon na Chesapeake, 1813

## Kwa nini kisa hiki

Habari za vita vya majini enzi za matanga huelezwa sana kwa mbao na chuma: nani alikuwa na mizinga mizito, ubavu wa nani ulikuwa mnene, chombo cha nani kilikuwa na mbio. Mara nyingi maelezo hayo yanatosha. Marekani ilipoingia vitani na Uingereza mwaka 1812, frigeti zake kubwa (manowari za kasi zenye sitaha moja kuu ya mizinga) zilishinda mara tatu kabla mwaka haujaisha: Constitution iliivunja Guerriere mwezi Agosti, United States ikaiteka Macedonian Oktoba, na Constitution hiyohiyo ikaimaliza Java Desemba. Frigeti hizo zilibeba mizinga ya ratili 24, yaani ya kurusha risasi yenye uzito huo, kwenye sitaha kuu, wakati zile za Uingereza zilibeba ya ratili 18. Mbavu zao zilikuwa nene zaidi na mabaharia wao wengi zaidi. Hapo mtu akikuambia muundo ndio ulioshinda, huna sababu ya kubishana naye.

Pambano la tarehe 1 Juni 1813, nje ya bandari ya Boston, haliingii kwenye maelezo hayo. Safari hii meli mbili, Shannon ya Uingereza na Chesapeake ya Marekani, zilikuwa karibu sawa kwa urefu, idadi ya mizinga na uzito wa risasi. Hata hivyo moja ilitekwa ndani ya dakika zisizozidi 15. Kwa anayefundisha watu kufanya kazi pamoja na chombo, uwanja wowote ule, ni nadra kupata kisa ambacho historia yenyewe imeshamchujia sababu moja kubwa.

Manahodha wawili nimewaacha na majina yao, kwa kuwa kisa hakisomeki bila wao. Wengine, hasa waliopelekwa mahakamani baadaye, nawataja kwa kazi zao tu.

## Meli zenyewe

HMS Shannon ilishushwa majini mwaka 1806 huko Frindsbury, kando ya mto Medway. Ilikuwa ya kundi la Leda, ambalo ramani yake ilitokana na frigeti ya Kifaransa, Hébé, iliyotekwa mwaka 1782. Waingereza waliipenda ramani hiyo wakaendelea kuunda meli kwa kuifuata kwa miaka mingi. Mojawapo, Trincomalee, iliundwa Bombay mwaka 1817 na mafundi wa ukoo wa Wadia, na ingali inaelea Hartlepool hadi leo. Ukoo huohuo ndio ulioiunda Liverpool, manowari ya Seyyid Said wa Oman na Zanzibar, mwaka 1826. Kwa hiyo aina hii ya chombo haikuwa ngeni upande wetu wa bahari.

USS Chesapeake ilishushwa majini Virginia mwaka 1799. Ilikuwa mojawapo ya frigeti sita za kwanza za Marekani, na mwanzoni ilikusudiwa iwe kubwa kama Constitution, lakini mchoro ukapunguzwa wakati wa kuijenga. Ndiyo maana ilikuja kuwa ya kimo cha Shannon. Kila moja ilikuwa na mizinga mirefu 28 ya ratili 18 kwenye sitaha kuu, na juu yake karonadi za ratili 32, yaani mizinga mifupi minene ambayo kwa karibu hupasua vibaya lakini kwa mbali haifai. Shannon ilikuwa na watu wapatao 330, Chesapeake wapatao 380. Ukihesabu vichwa, Mmarekani alikuwa mbele.

Chesapeake ilikuwa pia na jeraha la zamani. Mwezi Juni 1807, wakati wa amani, manowari ya Kiingereza Leopard iliisimamisha ikidai wanamaji watoro. Nahodha alipokataa, Leopard ilifyatua. Sitaha ya mizinga ya Chesapeake ilikuwa imejaa kamba na mizigo, na hapakuwa na moto tayari wa kuwashia baruti. Katika shambulio lote ilijibu kwa mzinga mmoja tu, tena ukiwashwa kwa kaa la moto ambalo ofisa mmoja alilichukua jikoni. Mizinga ilikuwepo yote. Kilichokosekana ni kila kitu kinachoufanya mzinga uwe silaha.

## Miaka karibu saba ya Broke

Philip Broke alikabidhiwa Shannon mwaka uleule iliposhushwa majini, akakaa nayo karibu miaka saba mfululizo. Hapa nitakaa kidogo, maana hapa ndipo kisa kilipoamuliwa.

Mzinga wa wakati ule ulitoka kiwandani bila chombo cha kulengea. Kitako chake ni kinene, mdomo ni mwembamba. Ukilenga kwa kufuata mgongo wa chuma, mzinga unaelekea juu kuliko unavyodhani. Kwa mbali kidogo risasi inapita juu ya adui. Wanamaji wengi hawakujali, kwa sababu desturi ilikuwa kusogea hadi karibu sana na kufyatua haraka. Broke alijali. Aliweka vilengeo vinavyofidia tofauti ya unene wa kitako na mdomo. Kabari za mbao zinazoinua kitako alizichonga alama, ili kikosi kijue kiasi cha kuzisukuma ndani au kuzivuta nje mpaka mzinga ulale sawa na upeo wa bahari, hata meli ikiwa imeinama kwa upepo.

Kisha akashughulikia kasoro ya meli yenyewe. Sitaha ya meli ya mbao haiko bapa. Inapinda na kupanda kuelekea omo, yaani sehemu ya mbele ya meli, kwa hiyo mizinga ya mbele husimama kwa mwinamo tofauti na ya katikati. Broke alirekebisha magari (vibebeo vya magurudumu) ya baadhi ya mizinga hiyo ili meli ikitulia, yote iwe kwenye usawa mmoja. Mwisho akachora nyuzi za pembe (digrii) kwenye mbao za sitaha, kando ya kila mzinga. Ofisa mmoja aliye juu akitaja pembe, vikosi vyote vinageuza mizinga kwenye mchoro huo, na risasi zote zinaangukia sehemu moja ya adui, hata kama walio chini hawaoni chochote kwa moshi.

Sasa mafunzo. Siku za kazi vikosi vilifanya kwata ya mizinga kwa zamu. Mara kwa mara pipa lilitupwa majini na kila kikosi kikalilenga kwa risasi za kweli, kwa kushindana, na aliyelipiga akapewa tumbaku. Wakati mwingine walizuiwa kulitazama kabisa: wanatajiwa pembe, wanaufuata mchoro, wanafyatua. Mazoezi haya yalikuwa na gharama. Baruti iliyotolewa na serikali haikutosha kuyaendesha namna hiyo, na Broke aliingia mfukoni mwake.

Palikuwa pia na mchezo wa fimbo, wa kupiga na kukinga, kwa ajili ya kuzoea upanga. Aliyewahi kutazama kirumbizi Lamu hahitaji kuelezwa jinsi mchezo wa aina hiyo unavyomfundisha mtu kutopepesa macho. Na palikuwa na zoezi ambalo mimi nalipenda kuliko yote: Broke aliwaita watu wote kwenye nafasi zao, akawatangazia shambulio la kubuni, kisha akanyamaza na kutazama watafanya nini.

## Wiki mbili zisizotimia za Lawrence

James Lawrence hakuwa nahodha dhaifu. Mwezi Februari 1813, akiwa na meli ndogo ya Hornet, aliipiga Peacock ya Waingereza ikazama kwa muda mfupi mno. Alikabidhiwa Chesapeake mwezi Mei, Boston. Mikataba ya mabaharia wengi ilikuwa imekwisha, na palikuwa na manung'uniko kuhusu fedha za ngawira za safari iliyotangulia. Ofisa aliyepaswa kuwa luteni wa kwanza alikuwa mgonjwa nchi kavu, nafasi yake ikachukuliwa na kijana wa miaka 21. Maofisa wengine kadhaa walikuwa makaimu.

Zamani iliandikwa kwamba watu wake walikuwa mbumbumbu wa bahari. Hilo halisimami. Wengi wao walikuwa mabaharia wazoefu, na baadhi walitoka Constitution. Walichokosa ni muda wa kuwa pamoja kwenye meli hii, chini ya maofisa hawa.

## Jioni ya tarehe 1 Juni

Broke alikuwa akiizingira Boston ili isitoke meli. Kwa kuhofu kwamba Wamarekani hawatatoka wakiona frigeti mbili, aliiondoa Tenedos, mwenzake, akabaki peke yake. Akaandika barua ya kumwalika Lawrence wapambane meli kwa meli. Barua haikumfikia kwa wakati. Lawrence alikuwa ameshang'oa nanga akiwa na bendera kubwa inayodai uhuru wa biashara na haki za mabaharia.

Kwenye Chesapeake watu walishangilia mara tatu. Kwenye Shannon Broke aliwakataza watu wake wasishangilie, akawaambia waende kimya kwenye mizinga. Agizo lake kuhusu shabaha lilikuwa wazi: msipoteze risasi kwenye milingoti, sitaha ipige sitaha, waueni watu na meli itakuwa yenu.

Shannon ilisubiri, ikisogea polepole. Chesapeake ilikuja kutoka nyuma kwa kasi, upande wa upepo. Kwa dakika chache Lawrence alikuwa na nafasi ya kukata nyuma ya tezi, yaani sehemu ya nyuma, ya Shannon na kuimiminia risasi zinazoingia nyuma na kupita meli nzima hadi omo. Hakuitumia. Alikuja kujipanga ubavu kwa ubavu, umbali wa mita 40 hivi.

Ilikuwa kama saa kumi na mbili kasoro dakika 10. Mzinga wa nyuma kabisa wa Shannon ulifyatua ulipoliona tundu la pili la mizinga kutoka omo ya Chesapeake. Kisha wa pili yake, na wa tatu. Kwa kuwa Chesapeake ilikuwa inapita, kila mzinga wa Shannon ulipata zamu yake, na wale waliokuwa mbele kwenye meli ya Marekani walipigwa na kila mmoja wao. Wamarekani walijibu, tena kwa haraka, lakini meli yao ilikuwa imeinama kuelekea adui na risasi nyingi ziliishia majini au kwenye mstari wa maji.

Kwenye sitaha ya juu ya Shannon palikuwa na mizinga miwili ya ratili 9 iliyopewa kazi maalumu: wa nyuma upige usukani wa adui, wa mbele upige kamba na matanga ya omo. Usukani wa Chesapeake ulivunjwa, walioushika wakauawa, na kamba za matanga ya mbele zikakatika. Meli isiyo na usukani wala matanga ya omo haina hiari: kichwa kikageukia upepo, matanga yakajaa upepo kwa mbele, na Chesapeake ikaanza kurudi kinyumenyume ikiwa imemgeuzia Shannon pembe ya tezi. Nafasi ambayo Lawrence aliiacha, sasa Broke aliipata bure.

Lawrence alipigwa risasi. Alipoona meli zinagusana, aliagiza watu waitwe juu kuizuia Shannon isivamie. Badala ya ngoma iliyozoeleka, Chesapeake ilikuwa na kijana wa tarumbeta. Alipatikana amejificha, na alipotolewa hakuweza kupuliza. Amri ikaenda kwa midomo, kwenye moshi na kelele, na wengi waliokuwa sitaha ya chini hawakuipata. Luteni kaimu mmoja akamsaidia nahodha wake kushuka kwa daktari. Lawrence alikuwa akiagiza wasiisalimishe meli.

Broke aliruka kwenye Chesapeake akiongoza watu wapatao 50. Mapigano ya mkono kwa mkono hayakuchukua muda, lakini yeye mwenyewe alikatwa upanga kichwani, jeraha lililofikia ubongo. Luteni wake wa kwanza alikwenda kupandisha bendera ya Uingereza juu ya ile ya Marekani. Henza, yaani kamba ya kupandishia bendera, ikachanganyika, ya Marekani ikaonekana iko juu. Kikosi kimoja cha Shannon, kikidhani adui bado anapigana, kilifyatua na kumuua.

## Matokeo

Waliouawa na kujeruhiwa pande zote mbili walizidi 200, wengi wao wa Chesapeake. Hesabu ya alama za risasi iliyofanywa baadaye ilikuta 362 kwenye Chesapeake na 158 kwenye Shannon, marisau (risasi ndogondogo) yakiwemo. Meli zote mbili ziliingia Halifax tarehe 6 Juni. Lawrence alifariki njiani. Luteni wake wa kwanza alifia Halifax. Broke alipona, lakini hakuongoza tena meli baharini.

## Uchambuzi

Anza na namba 158. Katika dakika chache, wakiwa chini ya mvua ya chuma, watu wa Chesapeake waliipiga Shannon mara nyingi kiasi hicho. Hao si watu wasiojua kazi. Ukiwachukua mmoja mmoja, sidhani kama mkuu wa mzinga wa Chesapeake alikuwa duni sana mbele ya mwenzake wa Shannon. Tofauti iko kwenye vitu viwili ambavyo havimo ndani ya mtu mmoja.

Cha kwanza ni kwamba Shannon iliundwa mara mbili. Mafundi wa Frindsbury walijenga gamba na kuondoka. Kilengeo, kabari yenye alama, gari lililorekebishwa, nyuzi kwenye sitaha, yote hayo yalifanywa na watumiaji, kwa kuona kasoro wakati wa mazoezi. Watu hupenda kutenganisha muundo na mafunzo kana kwamba ni idara mbili. Hapa mafunzo ndiyo yaliyoonyesha muundo umekosea wapi, na marekebisho yakayafanya mafunzo yafae. Kulenga pipa kila wiki bila kilengeo kungewachosha watu tu. Vilengeo bila pipa vingebaki mapambo. Mizinga ile miwili ya ratili 9 ni mfano mzuri: haikuwa mizito wala ya ajabu. Ilikuwa imepewa swali moja la kujibu, na wapigaji wake walilijua jibu kabla ya vita kuanza.

Cha pili ni mnyororo wa amri. Jioni ileile kila meli ilipoteza nahodha na luteni wa kwanza. Kwenye Chesapeake walipoanguka, kazi ilisimama: hapakuwa na njia ya pili ya kuwaita watu juu, wala maofisa wa chini waliozoea kuamua. Shannon ilifikishwa Halifax na luteni wa miaka 22, pamoja na mateka na majeruhi wake. Haki itendeke: Shannon ilipoteza viongozi wake pambano likiwa ukingoni, Chesapeake ilipoteza wake katikati ya moto, na hilo si jambo dogo. Hata hivyo narudi kwenye zoezi la shambulio la kubuni. Mtu aliyeachiwa mara nyingi aamue huku mkubwa wake akitazama kimya, siku mkubwa hayupo haoni ajabu.

Kuhusu uamuzi wa Lawrence wa kutoka bandarini, siwezi kumtetea. Amri aliyokuwa nayo ilimtaka akawinde meli za mizigo za Waingereza zinazoelekea Canada, kazi ambayo ingempa pia wiki kadhaa za kuwanoa watu wake baharini. Lakini ushindi wake wa Februari ulikuwa bado moto, na adui alikuwa anaonekana kutoka bandarini. Kutokata nyuma ya tezi ya Shannon kumesifiwa kama uungwana. Mimi nauona kama matokeo ya Hornet: aliwahi kumaliza kazi kwa dakika chache kwa kusogea karibu na kufyatua haraka, akadhani njia ni ileile. Kasi aliyokuja nayo ilimfanya apite mbele ya mizinga ya Shannon mmoja baada ya mwingine, na hapo alimrahisishia Broke kazi yenyewe aliyoizoeza kwa miaka.

Upande wa Shannon nao una mapungufu, na ushindi usiyafunike. Kufa kwa luteni wa kwanza kwa mzinga wa meli yake mwenyewe ni kosa la mawasiliano la aina ileile iliyoiangusha Chesapeake, ila liliwapata wakati ambapo halingeweza tena kugeuza matokeo. Broke kuongoza uvamizi kwa mwili wake lilikuwa jambo la kishujaa na la hasara: kichwa pekee kilichoujua mfumo mzima ndicho kilichopasuliwa.

Na mfumo wenyewe ulisimama juu ya mtu mmoja. Ili kutunza watu wake waliofunzwa, Broke alichoma moto meli nyingi alizoziteka badala ya kuzipa mabaharia wa kuzipeleka bandarini, maana yake yeye na watu wake wote waliziacha fedha za ngawira zikageuka moshi. Walikubali, jambo linalosema mengi kuhusu imani waliyokuwa nayo kwake. Lakini utaratibu unaotegemea nahodha mwenye fedha zake, aliyeachwa meli moja karibu miaka saba, hauwezi kuigwa na meli ya pili. Jeshi la majini la Uingereza lilianzisha shule ya mizinga kwenye HMS Excellent, Portsmouth, mwaka 1830. Miaka 17 ilikuwa imepita.

Marekani nayo ilitafuta wa kulaumiwa, ikampata kwa haraka. Kijana wa tarumbeta alihukumiwa viboko. Luteni kaimu aliyemshusha nahodha wake kwa daktari alishitakiwa kwa kuacha nafasi yake na kufukuzwa jeshini mwaka 1814. Kwamba frigeti nzima ilitegemea pumzi ya kijana mmoja, na kwamba ilitoka bandarini na maofisa makaimu wasiotimiza wiki mbili chini ya nahodha wao, hayo hayakupata wa kuyajibu. Ukoo wa yule luteni ulilipigania jina lake kizazi baada ya kizazi, na mwaka 1952 Rais Truman akatia saini ya kumrudishia cheo.